Oili Isiungue Mlimani: Kufunga Kipozeo na Filta ya Giaboksi

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na ndani ya kilomita hizo gari linapanda karibu mita elfu moja. Kona zimefuatana, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na mara nyingi mbele yako kuna lori la mbao au basi dogo lililojaza watu mpaka mlangoni. Kulipita huwezi. Unalifuata kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Ukitazama deshibodi, mshale wa joto umetulia katikati, na roho yako inatulia nao. Lakini mshale ule unasoma maji ya injini. Oili ya giaboksi haina mshale, na katika kupanda kwa namna hiyo yenyewe ndiyo inayoungua.

Mlima huo nimeupanda miaka mingi na Prado ya otomatiki, ile ya 95 yenye injini ya dizeli ya 1KZ, na ndiyo nitakayoitolea mfano hapa. Maelezo haya ya kufunga kipozeo, yaani rejeta ndogo ya ziada inayoipoza oili kwa upepo, yanamfaa pia mwenye Surf, Noah ya zamani, au gari lolote la otomatiki ambalo oili ya giaboksi inakwenda kwenye rejeta kwa bomba moja na kurudi kwa jingine. Kama gari lako ni dogo, na safari zake ni kazini na sokoni kwenye barabara tambarare, hela ya kipozeo inunulie oili mpya ya giaboksi. Itakusaidia zaidi.

Tuanze na joto lenyewe, maana ukilielewa, kazi yote inayofuata utaifanya kwa akili yako. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Ndani yake kuna mapanga yanayozungushwa na injini, yakitazamana na mapanga yanayozungusha giaboksi, na kinachohamisha nguvu kutoka huku kwenda kule ni oili tu. Gari likishika mwendo kwenye barabara tambarare, kuna klachi humo ndani inayoshika pande zote mbili zikazunguka kama kitu kimoja. Ukipanda polepole kwa gia ndogo, klachi hiyo haishiki. Mapanga ya injini yanazunguka kwa kasi kuliko ya giaboksi, oili inakorogwa katikati yao, na nguvu inayopotea katika kukorogwa huko inageuka joto. Mchanga wa pwani, matope ya masika na trela lenye mzigo vinafanya hayo hayo.

Kiwandani walilifikiria jambo hili. Oili inapitishwa kwenye tangi la chini la rejeta, ambamo kuna kibomba kinachozungukwa na maji. Ni mpango mzuri kwa siku za kawaida: asubuhi maji yanaipasha oili, mchana yanaipoza. Kasoro yake inaonekana mlimani. Maji yakiwa na nyuzi 95 hayawezi kuishusha oili chini ya 95, na saa ambayo giaboksi inahitaji msaada zaidi ndiyo saa ambayo injini nayo imechemka. Oili hii inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Ikipita 115 inaanza kuzeeka haraka, na makadirio wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wa oili unakatika nusu. Ikikaribia 150, sili za mpira zinakakamaa na bitana za klachi zinaungua. Prado yangu ina taa ya onyo ya joto la oili ya giaboksi, lakini taa hiyo huwaka oili ikiwa imeshaumia. Usiitegemee.

Kabla hujanunua kitu chochote, chunguza hali ya giaboksi. Washa injini, iache ipate joto, chomoa dipstiki ya giaboksi na uipanguse kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Oili yenye afya ni nyekundu, inapenya karatasi na kusambaa. Ikiwa ya kahawia, bado kuna muda. Ikiwa nyeusi, ina harufu ya kitu kilichoungua jikoni na imeacha chembe chembe pale katikati, bitana zimeanza kuliwa. Na ikiwa ya rangi ya waridi iliyofifia, nzito kama mtindi uliotiwa rangi, basi maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Zima gari hapo hapo, wala usilihamishe hata hatua moja kwa injini yake. Kile kibomba cha ndani ya rejeta kimetoboka, na bitana za klachi, ambazo kwa sehemu kubwa ni karatasi maalumu iliyogandishwa kwa gundi, hazistahimili maji.

Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wakitupa pesa. Kipozeo kinailinda giaboksi iliyo hai. Kama gari linachelewa kushika ukiweka D, au injini inapiga kelele huku mwendo hauongezeki, tafuta fundi wa giaboksi kwanza. Baada ya matengenezo ndipo ufunge kipozeo na filta, na wakati huo utakuwa umefanya jambo la maana sana, kwa sababu rejeta na mabomba ya zamani bado vina chembe za chuma za ile giaboksi iliyokufa, na bila filta zote zinarudi kwenye giaboksi mpya.

Sasa dukani. Dar es Salaam utaanzia Gerezani, Kariakoo. Nairobi utakwenda Kirinyaga Road. Ukikiita kipozeo ‘oili kula’ ya giaboksi wauzaji watakuelewa. Utaonyeshwa vya aina mbili. Kuna vya bomba moja refu lililokunjwa kunjwa na kuzungushiwa mapezi membamba, na kuna vya bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, oili ikipita ndani ya bapa zote kwa pamoja. Hivi vya pili ni ghali zaidi, lakini kwa ukubwa ule ule vinapoza zaidi, na oili inapita bila kubanwa. Chukua cha bapa kama mfuko unaruhusu. Kwa gari la uzito wa Prado, kipozeo chenye upana wa sentimita 28 na kimo cha 19 au 20 kinatosha, hata ukivuta trela dogo. Mtu atakushauri uchukue kilichotolewa kwenye gari lililopata ajali. Kataa. Humo ndani huwezi kupaona, na kama giaboksi ya gari lile ilikufa kabla ya ajali, utakuwa umenunua mabaki yake.

Kwenye mpira usibanie hela hata kidogo. Ombi langu ni moja: tumia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili ya giaboksi, ulioandikwa SAE J1532 ubavuni. Mpira wa maji ya hita unafanana nao kwa macho, lakini oili ya moto inaulainisha ukawa kama ubani uliotafunwa, kisha unachomoka. Ukichomoka, pampu ya giaboksi inaimwaga oili yote barabarani kwa muda mfupi sana. Pima bomba la gari lako kabla ya kwenda dukani. Mengi ni ya milimita 8 au 10. Nunua mita tatu na klipu nane za skrubu zenye kingo laini, zisizoukata mpira.

Filta unayoitafuta ni ile ya kukatiza kwenye mpira, kopo dogo lenye sumaku ndani na karatasi ya kuchujia, na lenye mlango wa dharura unaoifungulia oili njia filta ikiziba. Mlango huo ndio unaoitofautisha na filta ya petroli, ambayo wapo wanaoifunga hapo kwa sababu ni ya bei nafuu. Filta ya petroli ikiziba, oili haipiti popote, na giaboksi inakosa kulainishwa. Utaambiwa pia kwamba giaboksi tayari ina filta ndani ya sampo. Ni kweli. Lakini kwa Toyota nyingi za enzi ya Prado yangu ni wavu wa chuma tu, unazuia makombo makubwa, na unga laini wa chuma unaopita ndio unaokwangua vali.

Lipaki gari mahali tambarare likiwa limepoa, kuanzia asubuhi ni vizuri. Weka P, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu. Kama utalinyanyua, liwekee stendi, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua grili ya mbele na ngao ya chini.

Chini ya rejeta utaona mabomba mawili ya chuma yakitokea upande wa giaboksi, kila moja likiungana na rejeta kwa kipande kifupi cha mpira. Moja linaleta oili ya moto, la pili linairudisha. Kazi yote inategemea kulijua la kurudisha, maana hapo ndipo kipozeo kinapoungwa, na wengi wanabahatisha. Fanya hivi: chomoa mpira mmoja pale kwenye rejeta, uelekeze kwenye chupa tupu ya maji, na chupa nyingine ikinge pale kwenye rejeta ulipochomoa. Mwambie msaidizi awashe injini, ahesabu mbili, azime. Oili ikitoka kwenye mpira, hilo ni bomba linaloleta, na la kurudisha ni lile lingine. Ikitoka kwenye rejeta, ulilochomoa ndilo la kurudisha. Sekunde mbili zinatosha. Usiiache injini ikiunguruma, maana kila sekunde giaboksi inamwaga oili yake. Ukishajua, funga kitambaa chekundu kwenye bomba la kurudisha ili usichanganye baadaye mikono ikishajaa oili.

Kwa nini la kurudisha? Ili oili ipite kwenye rejeta kwanza, ipunguziwe joto la juu, kisha kipozeo kimalizie kwa upepo. Ukiunga kinyume, kipozeo kitaipoza kisha rejeta itaipasha upya. Wapo wanaoiruka rejeta kabisa. Mimi nakubaliana nao pale tu rejeta ni ya zamani na inatiliwa shaka kutoboka ndani. Hapo kuiruka kunaiokoa giaboksi, ila chagua kipozeo kikubwa zaidi. Kama rejeta ni nzima, iache ifanye kazi. Kule Makete au Njombe mwezi wa Julai utashukuru kuwa oili inapashwa asubuhi.

Kipozeo kinakaa mbele ya kondensa ya AC, mahali pa kupata upepo wa kwanza. Uzuri wa Prado ni kwamba ina feni kubwa inayozungushwa na injini, inayovuta hewa kupita vyote hivyo hata gari likitambaa. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya kipozeo na kondensa. Na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwenye boksi utakuta vijiti vya plastiki vya kupenyeza katikati ya mapezi na kukifunga kipozeo kwenye kondensa moja kwa moja. Vitupe. Fundi mmoja alinifungia cha kwanza kwa vijiti hivyo, kazi ya nusu saa. Miezi michache baadaye, nikipita Soni, niliona ukungu mwekundu kwenye kioo cha nyuma. Nilipofungua boneti nikakuta kijiti kimoja kimelegea, na kwa kutikisika kwake kilomita zile zote kimekwangua bomba la kipozeo mpaka kikatoboa tundu la ukubwa wa kichwa cha pini. Tundu hilo dogo liliishusha oili chini ya alama ya mwisho kabla sijafika mjini.

Kwa hiyo tengeneza mikono ya chuma bapa. Fundi wa kuchomelea atakukatia vipande vinne vya upana wa sentimita mbili, utoboe, uvipake rangi, na uvifunge kwenye fremu inayoshikilia rejeta kwa bolti na nati za kujikaza, ukiweka washa ya mpira kila panapogusana chuma na chuma. Midomo ya kipozeo itazame juu au pembeni. Ikitazama chini, hewa inanaswa sehemu ya juu na nusu ya kipozeo inakuwa haifanyi kazi.

Chora njia ya mpira kwa macho kabla ya kukata. Isipite karibu na ekzosi wala feni wala mkanda, isikunjwe kwa kona kali, na kila inapopita kwenye tundu la chuma ivalishe kipande cha mpira mwingine uliopasuliwa kwa urefu. Kata kwa wembe mpya ili ncha iwe safi. Pale unapounga mpira kwenye bomba la chuma, angalia ncha ya bomba: inatakiwa iwe na kivimbe kinachouzuia mpira kuchomoka. Bomba lililokatwa kwa msumeno na kuachwa laini halishiki mpira hata ukikaza klipu namna gani. Mpelekee fundi wa mabomba ya breki alitanue ncha. Sukuma mpira upite kivimbe kwa sentimita mbili na nusu, na klipu ikae nyuma ya kivimbe, si juu yake. Kaza mpaka mpira uanze kujitokeza kwenye kingo za klipu, hapo hapo uache.

Filta iweke mwishoni kabisa, baada ya kipozeo, oili inapokaribia kurudi kwenye giaboksi, ili iwe mlinzi wa mlango wa mwisho. Mshale uliochorwa kwenye kopo uelekee kwenye giaboksi. Ifunge mahali unapoweza kuifikia kwa mkono bila kufungua grili, maana utaibadilisha.

Kipozeo, filta na mipira mipya vitameza kati ya nusu lita na lita nzima. Weka oili ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye dipstiki au kitabu cha gari. Prado yangu inatumia Dexron. Toyota za baadaye zinataka T-IV, na zilizofuata WS, na hizi hazibadilishani. Magari ya CVT yana oili yake kabisa. Ongeza nusu lita, washa injini, pitisha mkono wa gia P, R, N, D mpaka L na kurudi, ukisimama sekunde chache kila mahali mguu ukiwa kwenye breki. Rudisha P, injini ikiwa inaunguruma, pima. Kwenye dipstiki kuna alama za baridi na za moto. Kipimo cha kuaminika ni cha moto, baada ya kuendesha kilomita kumi na tano hivi. Oili ikizidi alama nayo ni hatari: inapigwa na vyuma vinavyozunguka, inafanya povu, na povu halishiki klachi. Magari yasiyo na dipstiki hupimwa kwa kufungua nati ya chini oili ikiwa karibu na nyuzi 40, na kazi hiyo inataka kifaa cha kusoma joto. Mpe fundi aliye nacho.

Zungushia kila kiungo karatasi ya chooni, acha injini iungurume dakika kumi, kisha ivue uitazame. Tone dogo usiloliona kwa macho litaandika doa jekundu kwenye karatasi. Rudia baada ya siku mbili, na klipu zote zikaze tena kidogo, kwani mpira mpya hubonyea ukishapata joto.

Kujua kama kazi imefaa, pima. Magari ya karibuni yanasomeka kwa kifaa kidogo cha OBD na simu. Prado za miaka hiyo hazisomeki kirahisi, kwa hiyo mimi natumia kipimajoto cha mionzi, kile cha kulenga kama bastola. Ukilenga chuma kinachong'aa kitakudanganya, kitasoma chini ya ukweli. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye bomba linaloleta oili na kingine kwenye la kurudisha, ulenge hapo. Nilipima kwa njia hiyo sehemu moja, pembeni ya barabara pale Soni, mara ya kwanza kabla sijafunga kipozeo kipya na mara ya pili baada ya kukifunga, gari likiwa na watu watano na magunia mawili ya viazi safari zote mbili. Bomba linaloleta lilikuwa na nyuzi 121 kabla, 98 baada. Lile la kurudisha liliteremka mpaka 76.

Mapezi yasafishe kwa maji ya mpira wa bustani, ukimwagia kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine ya presha inayapinda yakafunga njia ya hewa. Filta ya kwanza usiisubirishe. Itoe ikifikisha kilomita 5,000, zinazofuata zikae mpaka 40,000 hivi. Na hiyo ya kwanza usiitupe kabla hujalikata kopo lake kwa msumeno wa chuma, polepole, juu ya gazeti. Kwenye sumaku utakuta tope la kijivu, laini kama wanja. Hilo ni la kawaida, ni uchakavu wa miaka yote uliokuwa ukizunguka humo. Lisugue kati ya vidole viwili. Likiteleza, endelea kusafiri. Likikwaruza, au ukaona vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa, mpigie fundi wa giaboksi wiki hiyo hiyo, wakati bado kuna cha kuokoa.